Mboga za Kiangazi: Hasara ya Nani?



Mwezi wa Septemba nchi yetu ya Kigoma huwa na sura mbili. Vilimani nyasi zimekwisha kuungua, ardhi ni nyeusi pale moto ulipopita na nyekundu pale usipopita, na moshi hutanda juu ya Ziwa hata milima ya Kongo ng'ambo isionekane. Lakini ukishuka bondeni, kutoka viunga vya Ujiji kuelekea Mto Luiche unakomwagia maji yake Ziwani, unakuta kijani kibichi: matuta ya mchicha, nyanya zilizofungwa kwenye vijiti, bamia, nyanya chungu, bilinganya, na matembele yaliyotambaa hadi ukingoni mwa maji. Mvua za masika zilikoma mwezi wa Mei. Zinazofuata hazitazamiwi kabla ya mwisho wa Oktoba, na pengine Novemba. Kwa hiyo karibu kila jani lililoko pale limekunywa maji yaliyobebwa na mikono ya mtu.

Twapenda safari hii kuzungumza juu ya mtu huyo, na juu ya sisi tunaokula alichokilima.

Pengine yuko atakayeuliza: je, Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na mchicha? Tumezoea kusikia habari za haki mahakamani, magerezani, katika uchaguzi na katika kesi za mirathi. Hayo yote ni ya kweli na kazi yake haijaisha. Hata hivyo, kwa kaya nyingi za jimbo letu hakuna mapatano ya fedha yanayofanyika mara nyingi zaidi ya yale ya jioni sokoni, mbele ya fungu la mboga lililotandikwa juu ya gunia. Anayeuza na anayenunua hutazamana pale karibu kila siku ya Mungu. Ikiwa haki haina neno la kusema mahali hapo, basi tumeifanya kuwa mgeni wa siku kuu tu.

Hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Bustani ya kiangazi huanza maji ya mafuriko yanapopungua, yaani mwezi wa Mei kuingia Juni. Sehemu kubwa ya bonde ilikuwa mpunga na tope wakati wa masika. Mpunga ukishavunwa, mara nyingi mwenye eneo hulikodisha kwa mkulima wa mboga mpaka mvua zirudi. Mkulima huyo aghalabu ni mwanamke, au kijana asiye na ardhi yake mwenyewe. Hulima, huinua matuta, huandaa kitalu cha nyanya na kukifunika kwa nyasi. Mchicha utamlipa upesi, baada ya wiki tatu au nne. Nyanya zitamkalisha mwezi mmoja kitaluni, na tangu kupandikiza hadi kuchuma miezi mingine miwili na nusu au mitatu. Siku zote hizo humwagilia alfajiri na jioni. Wachache wana pampu ya mafuta, na walio wengi wana keni au ndoo iliyotobolewa matundu. Keni ya lita 10 ina uzito wa kilo 10, na safari mia moja kutoka mtoni hadi tutani ni tani nzima ya maji iliyonyanyuliwa kwa mabega mawili. Siku inayofuata huanza tena.

Neno letu mboga, kama mjuavyo, halina maana ya majani peke yake. Chochote kinachoteremsha ugali ni mboga: dagaa, mgebuka, maharage, nyama ikipatikana. Huku kwetu samaki ndiyo mboga ya heshima, na majani huhesabiwa kuwa ya kusindikizia tu, isipokuwa sombe iliyotwangwa vizuri na kupikwa kwa mawese, ambayo hakuna mtu wa Kigoma aliyewahi kuidharau. Lakini Ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Kisha ikaja mwaka 2024, ambapo Serikali, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka Ziwa, ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo mitatu ndiyo hasa miezi ya bustani za kiangazi. Hatuna ugomvi na pumziko la samaki, maana mtego usiopumzika humaliza windo. Twasema tu kwamba siku zile Kibirizi na Katonga palipokuwa kimya, wengi walikumbuka kuwa mboga ya majani nayo ni chakula, na kwamba kuna mtu aliyekuwa akiilima wakati wote.

Sasa tuje kwenye hasara. Bustani ya kiangazi ina njia nyingi za kumpokonya mtu. Mafuriko yakichelewa kuondoka, amechelewa kupanda. Akipanda, yuko mdudu tunayemwita kantangaze, aliyeingia nchini mwetu mwaka 2014, anayeweza kulimaliza shamba la nyanya mwenyewe akilitazama. Mwezi wa Agosti ng'ombe hushuka bondeni kutafuta maji na majani mabichi, na ugomvi kati ya wachungaji na wenye bustani umekwisha kutupa kazi ya kusuluhisha zaidi ya mara moja. Mwezi wa Septemba mto hupungua, na aliye chini huanza kumlaumu aliye juu kwamba ameziba mfereji. Na hata yote haya yakimkwepa, liko pigo la mwisho ambalo si la mdudu wala la ng'ombe. Kwa kuwa wote walipanda wakati mmoja, nyanya zote huiva wakati mmoja. Tenga ambalo Februari lingekuwa mali, katika kilele cha kiangazi humlazimu mwenyewe kubembeleza mnunuzi, na jua la saa saba halimpi nafasi ya kusubiri kesho. Atauza kwa bei yoyote, au atamwaga.

Katika mambo hayo yote, sisi tunaokula tuko wapi? Nyanya zikiwa nyingi twafurahia bei nafuu. Zikiwa chache twalalamika, kisha twabadili mapishi. Kantangaze akila shamba, hatujui hata jina la aliyeliwa. Hasara yote hukaa upande mmoja wa gunia lile lililotandikwa chini. Katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, Papa Yohane XXIII alitenga sehemu ndefu kwa ajili ya kilimo, na humo aligusa jambo ambalo wengi hawapendi kuligusa: kwamba chakula ni hitaji la wote na bei yake yapasa kuwa ndani ya uwezo wa wote, lakini hiyo haiwezi kuwa hoja ya kumweka anayekilima katika unyonge wa siku zote. Twaona kwamba neno hilo lingali changa.

Tatizo hili lina mzizi wake mwezi wa Juni, si Septemba. Wakati wa kupanda ndio wakati ambao mkulima wa bondeni hana kitu mkononi. Anatakiwa alipe kodi ya eneo, anunue mbegu na mbolea, na kama ana pampu, mafuta pia. Hapo ndipo anapojitokeza mtu mwenye fedha na kumwambia: chukua hizi, nyanya zikiiva utanipa matenga kadhaa. Bei hukatwa siku hiyo hiyo, mkulima akiwa na watoto wanaodai sare za shule. Ndugu zetu wa Kagera wana jina la desturi hii katika kahawa: kuuza zao lingali maua huitwa butura, na Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Huku bondeni haina jina la pekee, lakini sura yake ni ile ile.

Tuangalie kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ubaya wa butura ni nini hasa? Hauko katika kutoa fedha kabla ya mavuno. Fedha inayokuja kabla ya mavuno ndiyo dawa ya mkulima, na bila hiyo hapandi. Ubaya uko katika masharti yanayoisindikiza. Bei hupangwa siku ya njaa, na aliyeshiba ndiye aipangaye. Shamba likiharibika, deni halifi pamoja nalo, bali huhamia kiangazi kinachofuata na kumkuta mtu amekwisha kuinama. Aliyetoa fedha hapotezi chochote kwa kantangaze, kwa mafuriko wala kwa ng'ombe. Yeye ni mwenzi wa mavuno peke yake.

Basi geuzeni masharti hayo, na tendo lile lile la kulipa mbele linakuwa kitu kingine kabisa. Tuseme kaya zinazokula mboga zimlipe mkulima mwezi wa Mei au Juni, kwa bei ya kiasi waliyokubaliana pande zote, na kuanzia mboga za kwanza zipokee kapu kila wiki hadi mvua zinaporudi. Shamba likizaa sana, kapu lifurike. Likizaa haba, kapu liwe jepesi. Nyanya zikifa, wale matembele na bamia. Na yote yakiharibika, asidaiwe mtu. Hapo walaji nao wameingia shambani, wakiwa na sehemu yao katika mdudu na katika mafuriko kama walivyo na sehemu yao katika mboga.

Jambo hili halikuzaliwa leo wala halikubuniwa nasi. Huko Japani, tangu miaka ya 1970, akina mama wa mijini walioziogopa dawa zilizomo katika vyakula walianza kufanya mapatano ya namna hii na wakulima, na Wajapani huyaita teikei. Nchini Marekani mashamba ya kwanza ya aina hiyo yalianza mwaka 1986 katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire, na Ufaransa yakaanza mwaka 2001. Hatutaji nchi hizo kana kwamba tunahitaji ruhusa yao. Sisi tunao upatu. Kila mwanamke wa Mwanga, wa Gungu au wa Ujiji ajuaye upatu ajua maana ya kutoa fedha leo na kungoja zamu yake miezi sita, bila mkataba wa wakili, kwa sababu anamjua anayempa. Kinachopungua ni kumwingiza mkulima wa bondeni katika mduara huo.

Tupige hesabu ya mfano, ili maneno yetu yasielee hewani. Kaya 30 za Jumuiya mbili au tatu zikitoa shilingi 20,000 kila moja, zitapatikana shilingi 600,000. Zikigawanywa kwa wakulima watatu, kila mmoja anaanza kiangazi na shilingi 200,000 zisizo na riba. Tuhesabu wiki 20, tangu mchicha wa kwanza hadi mvua: kila kaya imelipia mboga za shilingi 1,000 kwa wiki, na kila mkulima ana makapu kumi ya kutayarisha kila wiki. Hayo hayamalizi bustani yake. Kilichobaki anapeleka sokoni kama kawaida, lakini sasa hapeleki akiwa na kamba shingoni. Bei ya kapu ikadiriwe kwa wastani wa soko wa kiangazi kilichopita, yaani si ile ya siku ya nyanya nyingi wala ile ya siku ya uhaba. Viwango hivi ni vya mfano tu, na kila mahali watu wahesabu vyao.

Na kapu lenyewe litafundisha mambo ambayo soko limetusahaulisha. Wiki za mwanzo litakuwa mchicha, na tena mchicha, na watoto watanung'unika. Kisha zitakuja majani ya maboga na ya kunde, bamia, nyanya chungu. Agosti na Septemba ni nyanya mpaka mtu atafute namna ya kuzianika. Oktoba, mto ukiwa mwembamba, kapu litarudi kuwa matembele na sombe, mboga zinazovumilia kiu. Mwenye kula kwa namna hii hujua kiangazi kimefika wapi kwa kutazama sufuria yake. Aidha atajua kwa nini mwezi fulani bamia zilikuwa ngumu, kwa maana yu aweza kwenda kuuliza.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza litatoka kwa wazee: "Ushirika tumeuona." Ni kweli wameuona. Waliishuhudia Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishwa kuingia vijijini. Waliyaona mashamba ya kijiji ambayo kila mtu alikuwa mwenye nayo na hakuna aliyeyamwagilia. Waliona vyama vya ushirika vikifutwa kwa amri mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria mwaka 1982, na wakulima hawakuulizwa, si mara ya kwanza wala ya pili. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuwa mzito wa kuamini. Lakini tunachokisema hapa si shamba la wote. Bustani inabaki ya mkulima, tuta lake ni lake, na uvivu wake ukiwapo ni wake vilevile. Kinachounganishwa ni hatari peke yake. Wala hakihitaji ofisi, gari au mwenyekiti wa kudumu, vitu ambavyo kwa uzoefu wetu ndivyo hula makapu kabla ya mboga kuota.

La pili litahusu uaminifu: je, akila fedha asilime? Swali ni la haki. Ndiyo sababu twasema mapatano haya yafanyike kati ya watu wanaojuana, wasiozidi kaya chache, mahali ambapo mtu aweza kutembea kwa miguu hadi bustanini. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila wiki, na hapo ndipo kapu linapoweza kugawiwa na daftari likasomwa kwa sauti. Fedha zishikwe na watu wawili, mmoja wa upande wa walaji na mmoja wa upande wa wakulima, na zitolewe kwa mafungu: ya kodi na mbegu kwanza, ya mbolea baadaye miche ikiwa imeonekana kwa macho. Huko si kumshuku mtu. Kinga hiyo humlinda mkulima na masengenyo kama inavyowalinda waliotoa.

La tatu tunalisema wenyewe kabla hatujaambiwa. Wenye mishahara ndio watakaotangulia kulipa: walimu, wauguzi, watumishi wa ofisi. Bustani hizi zisije zikawa za wenye nacho, wakipata mboga safi mlangoni huku mjane aishiye kwa vibarua akibaki na mabaki ya soko. Asiyeweza shilingi 20,000 kwa mkupuo alipe kwa awamu, au alipe kwa siku zake za kumwagilia na kupalilia, zikihesabiwa kwa ujira kamili wa kibarua wala si nusu. Na Jumuiya yenye akiba imlipie mgonjwa wake. Tena asiulizwe mtu dini yake. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na katika mabonde yetu Muha, Mmanyema na Mbembe huchota maji mahali pamoja. Mapatano ya mboga yatakayowabagua majirani yatakuwa yamepanda magugu katika tuta la kwanza.

Liko pia jambo la dawa za kuulia wadudu, ambalo twaliogopa kuliko linavyozungumzwa. Kantangaze ni mdudu mkaidi, na mkulima mwenye deni la tajiri hana subira naye. Hupulizia leo, hupulizia keshokutwa, huchanganya dawa mbili asizozijua maandishi yake, mara nyingi bila kitambaa cha pua, na huchuma kabla siku zilizoandikwa kwenye kopo hazijatimia, kwa kuwa gari la mnunuzi limekuja. Nani atamlaumu? Anayekula hamjui, na anayelima hamjui atakayekula. Pakiwa na mapatano, mlaji aliyekwisha kulipa aweza kusema: subiri siku zitimie, tutakula matembele wiki hii. Maneno hayo hayawezi kusemwa na mtu anayekutana na nyanya kwa mara ya kwanza sokoni saa kumi na moja jioni. Na afya ya kwanza inayookolewa hapo ni ya mkulima mwenyewe, avutaye pumzi ya dawa ile.

Juu ya vipimo hatutasema mengi. Lumbesa, yaani gunia au tenga lililojazwa kupita kimo chake na kulipwa kwa bei ya moja, imekatazwa na sheria ya vipimo, na kila mtu anajua, na kila mtu anaiona. Viongozi wa walei ambao ni wafanyabiashara, nao wapo, wajue kwamba jambo hili linawahusu.

Lililo zito zaidi ni ardhi na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa. Ni sheria njema. Udongo unaomomonyoka kingoni huishia Ziwani, na huko ndiko samaki wanakozalia. Lakini bustani nyingi za kiangazi zimo ndani ya meta hizo hizo, kwa sababu rahisi kwamba keni haiwezi kubebwa mbali. Hivyo sheria inapotekelezwa kwa ghafla, miche ikiwa imekwisha kupandikizwa, humwangukia kwanza yule asiye na pampu, huku aliye na bomba refu akiendelea kumwagilia kutoka meta mia mbili. Hatuwatetei wanaolima hadi kwenye maji. Tunachosema ni kwamba kumrudisha mtu nyuma meta 60 bila kumpa njia ya maji ni kumfukuza kwa lugha ya upole. Fedha za walaji zaweza kufanya kazi hapa: kuchimba kisima kifupi mbali na ukingo, au kununua pampu moja na mpira wake kwa bustani tatu. Kisha matete yaachwe yaote upya kingoni. Maombi ya namna hiyo yapelekwe mapema kwa ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyo hapa hapa Kigoma, na kwa serikali ya mtaa, mwezi wa Mei, kabla jembe halijaingia ardhini.

Kwa upande wa Luiche, mpango wa Serikali wa kujenga skimu ya umwagiliaji bondeni umezungumzwa kwa miaka mingi. Twautakia heri. Hata hivyo ardhi ikishapata maji ya uhakika hupanda thamani, na mwenye kukodi kwa maneno ya mdomo ndiye anayeondoka wa kwanza. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Haki hiyo haiwezi kumsaidia asiye na karatasi wala shahidi. Kwa hiyo twawaomba Halmashauri za Walei, na WAWATA hasa, wawasaidie wakulima hawa kuandika mikataba ya ukodishaji, hata iwe ya ukurasa mmoja, ikitaja mipaka, muda, kodi na mashahidi wawili, nakala moja ibaki kwa mtendaji. Na orodha za wanaolima bondeni kiangazi zitengenezwe sasa, majina ya wanawake yakiandikwa kwa majina yao wenyewe, si kama "mke wa fulani". Siku watakapohesabiwa wa kupewa vitalu, orodha hiyo iwe imekwisha kuwapo.

Parokia inayotaka kujaribu haihitaji kungoja nyingine. Ianze na bustani moja na kaya kumi. Makapu ya mwisho hutoka mwishoni mwa Oktoba. Baada ya hapo mvua hurudi, mto huchukua bonde lake, na mkulima hupanda kilimani na jembe lake kwa ajili ya mahindi na maharage. Hesabu isomwe Novemba, mbele ya waliotoa na waliolima, hasara ikitajwa kwa kiasi chake kama yalivyotajwa mavuno. Siku hiyo mkulima aulizwe pia amebakiza mbegu kiasi gani: mchicha ulioachwa ukachanua hutoa mbegu za matuta mengi, na kila kikombe kinachohifadhiwa ni fedha isiyokopwa. Daftari la majina ya kiangazi kinachofuata lifunguliwe Aprili, ili michango iwe imekamilika maji yanapoanza kuondoka bondeni.